KIBIRA NA RUVUBU: MARA HII TUJIPANGE KWANZA



Katika vikao vya matawi hapa Bujumbura swali moja limetufuata kila mahali, Buyenzi, Ngagara, hadi kwenye maghala ya kahawa: ile safari ya kwenda kutembelea hifadhi za kaskazini imefia wapi? Wengine waliuliza wakicheka. Wengine waliuliza kwa hasira, na haki wanayo, kwa sababu mara ya kwanza walitoa fedha zao, na mnyama hawakumwona hata mmoja. Sisi wajumbe tuliokabidhiwa kazi ya kuipanga upya tumeona tujibu kwa maandishi, ili kila tawi lisome, lijadili, na kutuletea maoni kabla hatujapokea faranga ya mtu yeyote.

TUANZE NA AIBU YETU

Mwaka 2019, mwezi wa nne, tulikodi lori. Mwenye lori alituambia kwamba lina turubai, na kweli turubai lilikuwapo, lakini lilikuwa na matundu kama chujio la chai. Tulipanda watu 41, watoto saba wakiwamo. Mwezi wa nne ni mwezi wa mvua kubwa, kila mkulima anajua, na sisi tulijua pia. Tarehe ile ilichaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba siku hiyo lori halikuwa na kazi, kwa hiyo bei ilipunguzwa.

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa tatu, kwa kungojeana. Huku bondeni jua lilikuwa linawaka, na wengi wetu tulivaa kama watu waendao ufukweni. Tulipofika Bugarama ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa mchana, na mvua ikaanza. Langoni mwa msitu tulifika saa tisa alasiri, tumelowa, watoto wanatetemeka. Mlinzi akatuuliza barua ya ruhusa. Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumedhani kwamba kadi za chama zingetosha. Mlinzi alikataa kutufungulia, na tunapenda kusema wazi kwamba alifanya kazi yake sawasawa. Angekuwa mwanachama wetu, na angeadhibiwa kwa kuturuhusu bila karatasi, ni sisi ambao tungelazimika kwenda kumtetea.

Tulirudi usiku. Mama mmoja wa idara ya kufunga bidhaa alipatwa na homa ya mapafu. Mama huyo alikuwa kibarua wa kutwa. Majuma matatu hakuingia kazini, na majuma matatu hakulipwa. Mfuko wa safari ulikuwa umekwisha wote kwa mwenye lori. Tulichangishana, tukapata cha kununulia dawa, lakini si cha kulishia watoto wake. Aliuza jozi ya vitenge. Jambo hilo hatukulisema hadharani mpaka leo, na ndilo lililotukalisha chini kuipanga safari hii kwa namna nyingine.

JE, INA MAANA KWENDA?

Wako ndugu wanaosema kwamba tuachane kabisa na mambo hayo. Wanasema hifadhi ni mambo ya wazungu wenye kamera, na kwamba heri mchango huo ununue mchele na sabuni. Hatuwadharau. Mshahara wa wengi wetu unakwisha kabla mwezi haujafika nusu, na hakuna wa kumlaumu mtu anayehesabu mchele kwanza.

Lakini tuangalie umeme unaozungusha mashine zetu. Sehemu yake kubwa, kwa miaka mingi, imetoka bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986 na kuwekewa mitambo ya megawati 18. Bwawa hilo liko kwenye msitu wa Kibira. Msitu ndio unaoinywa mvua na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Mwaka ambao maji yanapungua bwawani, umeme unakatika Bujumbura, mashine zinasimama, na vibarua wanaambiwa warudi nyumbani bila malipo ya siku. Basi kibarua wa sabuni aliyerudishwa nyumbani saa nne asubuhi ana habari na msitu wa Kibira, hata kama hajapata kuuona.

Na wenzetu wa chai? Mashamba ya Teza na Rwegura yamepakana na msitu huo huo. Tena sehemu ya mashamba hayo ilikuwa msitu, ukafyekwa ili chai ipandwe. Ubaridi na unyevu wa msitu ndio unaoifanya chai ya huko iote vizuri. Tulipozungumza na mchumaji mmoja wa huko, mama wa makamo, alitueleza kwamba kila asubuhi anasikia kelele za nyani na kima akiwa na kikapu mgongoni, na kwamba ndani ya msitu hajapata kukanyaga kwa matembezi tangu alipozaliwa. Watalii anawaona wakipita kwa magari. Sisi tulipoulizana, katika wajumbe tisa wa kamati, mmoja tu ndiye aliyepata kuingia Kibira, naye aliingia wakati wa vita, akikimbia.

Kupumzika na kutembea ni jambo ambalo wafanyakazi wa nchi nyingine walilipigania. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ambayo wafanyakazi wa Ufaransa walikaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka, sheria iliwapa majuma mawili ya likizo yenye malipo, na serikali ya wakati ule ikaweka tiketi za treni za bei nafuu kwa ajili yao. Wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza mwaka ule, watu wazima wenye wajukuu. Kwetu, Kanuni ya Kazi iliyotungwa Novemba 2020 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo. Hiyo si zawadi ya meneja. Lakini likizo bila pa kwenda, wengi wetu tunaitumia kutafuta kibarua kingine.

TUNACHOKWENDA KUONA

Kibira ni msitu wa milimani wenye ukubwa wa hekta 40,000 hivi. Unakaa juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya mto Kongo na maji ya mto Nile. Mvua ikinyesha upande wa magharibi, maji yanateremka hadi Rusizi, yanaingia Ziwa Tanganyika, na mwisho yanakwenda Kongo. Ikinyesha upande wa mashariki, maji yanaingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na ndiyo hayo yanayofika Misri. Kilele cha mlima Teza kina mita 2,666. Upande wa kaskazini msitu unavuka mpaka na kuungana na Nyungwe ya Rwanda.

Zamani, wakati wa wafalme, Kibira ulikuwa msitu wa kuheshimiwa na mahali pa kuwinda mwami. Wabelgiji waliufanya msitu wa akiba katika miaka ya 1930. Mwaka 1980 ndipo ulipohesabiwa kuwa hifadhi ya taifa, pamoja na Ruvubu. Ndani yake wamo sokwe, mbega, kima wa namna nyingi, nguruwe mwitu, na ndege wengi ambao hawapatikani ila katika milima hii ya kwetu na ya majirani zetu. Iko mianzi, iko miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi.

Hapa tuwe wakweli. Mtu asitoe mchango akitegemea kuona tembo au simba. Tembo walikwisha toweka Kibira, na simba Ruvubu hawapo tena. Sokwe wapo, lakini msitu ni mnene, na huweza mtu akatembea saa nne akasikia sauti yao tu. Aliyezoea kuona wanyama kwenye sinema anaweza kurudi amenuna. Heri anune sasa, kabla hajalipa.

Ruvubu ni nchi nyingine kabisa. Iko kaskazini mashariki, ina hekta zaidi ya 50,000, na ni nyasi, vichaka na miti ya mabondeni, mto Ruvubu ukipita katikati kwa mizunguko mingi. Huko wako nyati, viboko, mamba, kuro, paa, nyani, na ndege wengi sana. Jambo lililotufurahisha tulipokuwa tunaangalia ramani ni kwamba mto huo unaanzia upande wa Kayanza, karibu na Kibira, unashuka kusini kuelekea Gitega, kisha unageuka kwenda kaskazini mashariki hadi hifadhini. Kwa hiyo hifadhi hizi mbili zimeunganishwa na maji yale yale.

Tusisahau watu. Kibira ulikuwa nyumba ya Batwa, walioishi kwa kuwinda na kuchuma, na leo wengi wao wanakaa kandokando bila ardhi ya kutosha. Ruvubu ilipofanywa hifadhi familia nyingi zilihamishwa. Walinzi nao ni wafanyakazi kama sisi, wanalala porini, wanakutana na majangili wenye silaha. Hatupendi kwenda kama watu wasiouliza. Katika mpango wetu tumeweka saa nzima ya kuzungumza na walinzi juu ya kazi yao, na mahali pa kununua vyungu kwa Batwa kwa bei wanayoitaja wao, bila kuwapunguzia kana kwamba tuko soko la Cotebu.

KWANZA KIBIRA, BAADAYE RUVUBU

Baada ya kupima, tumeamua tusiziunganishe hifadhi mbili katika safari moja. Kibira ni usiku mmoja na siku mbili. Ruvubu inahitaji siku nne, kwa sababu kutoka Bujumbura hadi Muyinga, kupitia Kayanza na Ngozi, ni karibu kilometa 200, na baada ya hapo kuna barabara za udongo. Kwa fedha tulizonazo, Ruvubu ingewaacha nje watu wengi. Kwa hiyo tunaanza Kibira, na wale watakaokwenda Ruvubu baadaye wataanza kuweka akiba kwa mwaka mzima katika ikirimba ya tawi, kidogo kidogo.

Wapo waliopendekeza tuvuke hadi Nyungwe au Akagera. Burundi ilifunga mpaka wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na wenzetu wanaofanya biashara mpakani wanajua taabu iliyofuata. Mpango wetu ni wa ndani ya nchi.

Neno gumu kuliko yote limekuwa ni tarehe. Kwa upande wa hali ya hewa wakati mzuri ni kiangazi kirefu, mwezi wa sita hadi wa nane, njia za msituni zinapokuwa kavu. Kwa wenzetu wa chai hiyo ni nafuu, maana majani yanapungua jua linapozidi, na kazi inalegea kidogo. Lakini ndugu wa viwanda vya kahawa wakati huo ndio wa kazi nyingi, magunia yanaingia usiku na mchana, na hakuna meneja atakayetoa ruhusa. Wa sukari huko Moso nao huwa wamo katika kukata miwa. Tulibishana jioni tatu. Mwisho tumekubaliana makundi mawili: kundi la kwanza mwezi wa saba, la viwanda vya bia, sabuni na nguo, kundi la pili katika kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza, la kahawa na la wale wa sukari watakaoweza kufika. Kundi la pili likubali kwamba mwezi wa kwanza mvua inaweza kuwashtukiza. Hatukupata njia nyingine, na atakayeiona atuletee.

Vibarua wa kutwa, je? Orodha ya kwanza iliyotengenezwa na kamati ilikuwa na wenye mikataba peke yao, kwa hoja kwamba hao ndio wenye likizo. Tuliisoma kwa sauti, tukaona haya. Kibarua akikosa siku mbili amekosa chakula cha siku mbili. Kwa hiyo tumependekeza hivi: katika kila mchango wa mwenye mshahara wa mwezi, sehemu moja ya tano iwekwe kando, ilipe siku ambazo kibarua atakosa kazini kwa ajili ya safari. Tena sehemu ya fedha ibaki bila kuguswa mpaka wiki mbili baada ya kurudi, kwa ajili ya mgonjwa. Ndugu kadhaa wamelalamika kwamba mchango utakuwa mkubwa. Ni kweli utakuwa mkubwa. Matawi yajadili, lakini sisi tuliosaini hapa hatutapanga safari isiyo na kifungu hicho.

GARI, MAFUTA NA KARATASI

Lori hatupandi tena. Tutakodi basi dogo mbili zenye viti na bima. Kutoka Bujumbura hadi Kayanza ni kilometa mia hivi, na kutoka hapo Rwegura si mbali. Lakini barabara inapanda kutoka ziwani, mita 800 hivi, hadi zaidi ya mita 2,000 pale Bugarama, kwa kona mfululizo, na malori ya mizigo na vijana wa baiskeli waliojishika nyuma yake. Tunataka dereva mzoefu wa njia hiyo, ambaye usiku uliotangulia amelala. Hatutasafiri gizani, kwenda wala kurudi.

Mafuta ni jambo la kuandikwa. Tangu mwaka 2021 nchi imeona taabu ya mafuta mara kwa mara, na mwaka 2024 wenye magari walilala foleni siku kwa siku. Kwa hiyo mkataba na mwenye gari utasema kwamba mafuta ya kwenda na kurudi yawe ndani ya tangi na madumu siku mbili kabla, mjumbe wetu ayaone kwa macho. Yasipokuwapo, safari inaahirishwa na malipo ya awali yanarudi yote. Mwenye gari mmoja alikwisha kataa kutia saini. Tulimshukuru, tukaenda kwa mwingine.

Siku ya kuondoka isiwe Jumamosi asubuhi. Saa hizo ni za kazi za jamii, na magari yanasimamishwa. Tutaondoka Ijumaa alfajiri, turudi Jumamosi mchana, Jumapili iwe ya kupumzika na ya ibada kwa wanaosali siku hiyo. Ndugu Waislamu watapata mahali pa sala ya Ijumaa Kayanza mjini. Tumepanga chakula cha mchana kiwe hapo kwa sababu hiyo.

Juu ya karatasi. Ruhusa ya kuingia hifadhini inatolewa na Ofisi ya Burundi ya Kuhifadhi Mazingira, OBPE. Raia halipi kiasi anacholipa mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu achukue kitambulisho chake. Barua ya pili inakwenda kwa utawala wa mahali. Hapo tujihadhari: tangu mikoa ilipopangwa upya mwaka 2025, Kayanza imo katika mkoa wa Butanyerera, na Muyinga na Cankuzo zimo katika Buhumuza. Tulikuwa na nakala ya barua nzuri sana, iliyopigwa mashine, kwa gavana wa Kayanza. Barua hiyo haina mwenyewe tena.

Kuhusu usalama hatutafunika maneno. Wakati wa vita vilivyoanza 1993 barabara hii ilipitwa kwa misafara yenye askari, na Kibira kwa miaka mingi ulikuwa maficho ya wenye silaha. Hata baada ya vita kumekuwa na mapambano msituni humo. Kwa hiyo juma moja kabla, wajumbe wawili watakwenda kuuliza utawala na walinzi hali ikoje. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama chakula kimekwisha nunuliwa. Msituni hakuna atakayetoka kwenye njia wala kuachana na kiongozi, hata kwa haja ndogo. Kiongozi atasimamisha kundi zima.

MALAZI, NGUO NA CHAKULA

Hapa ndipo tulipopata faraja kubwa. Hoteli hatuziwezi. Tulipowaandikia wenzetu wa mashamba ya chai, walijibu kwamba watatupokea katika nyumba zao, wawili hapa, watatu pale, na kwamba watakwenda nasi msituni. Nao wameomba kitu kimoja: mwezi unaofuata tuwapokee hapa mjini, waone ziwa, na tuwapeleke hifadhi ya Rusizi wakaone viboko. Wengi wao hawajapata kuiona Tanganyika. Tumekubali kwa niaba yenu bila kungoja kikao, na kama tumekosa mtatuambia. Kila tawi lianze kuandika nyumba zenye nafasi ya mgeni.

Asiende mtu mikono mitupu. Kule juu ndagala ni ghali, na chumvi na sabuni hupokewa kwa furaha. Karoti, kabichi na viazi tutanunua Bugarama njiani, tupike pamoja. Maharage na unga wa muhogo tutoke navyo huku. Pombe haitapakiwa, wenyeji wakitukaribisha jioni kwa mila yao ni jambo jingine, na asubuhi yake hatutaki kumwona mtu anayeyumba kwenye mteremko.

Nguo: sweta au koti zito, maana usiku huko ni baridi ambayo mtu wa Buyenzi haijui. Viatu vilivyofungwa, si kandambili. Soksi ndefu, suruali iingizwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Akina mama wanaovaa vitenge wavae suruali ndani. Kipande cha plastiki cha kujifunika mvua. Mwenye kikohozi au mafua atuambie mapema, naye hatakaribia sokwe, kwa sababu maradhi yetu ya kifua yanawaingia na kuwaua. Mwenye pumu au shinikizo la damu amwone mganga wa zahanati kwanza. Mlima ule haumjali mtu aliyezoea kukaa kwenye mashine. Watoto chini ya miaka kumi tunaomba wabaki. Tunajua kuna watakaonuna.

Hesabu ya fedha itabandikwa ukutani katika kila tawi, mapato upande mmoja, matumizi upande wa pili, na mweka hazina hatakuwa mjumbe wa kamati ya safari. Viti ni 50 kwa kundi la kwanza. Yakizidi majina, tutapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya watu, na viti kumi na tano vitengwe kwa vibarua kabla ya kura.

Yule mama wa idara ya kufunga bidhaa tulikwenda kumwona nyumbani Kinama, kumwomba radhi na kumweleza mpango. Alitusikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele. Kisha akasema ataandika jina lake, kwa sharti moja. Tumelikubali sharti hilo na tumeliandika katika kumbukumbu za kikao: siku ya safari, saa kumi na nusu alfajiri, barua ya ruhusa atakabidhiwa yeye. Ataisoma yote kwa sauti mbele ya gari, tarehe, idadi ya watu na mhuri, na dereva hatawasha injini mpaka amalize.